Kitopeni Walipocheka Bila Kibali

Nchi yenyewe sitaitaja. Anayeijua hahitaji kutajiwa, na asiyeijua akiitafuta kwenye ramani asiione, asinilaumu mimi. Ramani zetu huchorwa na Wizara ya Taswira, na Wizara hiyo huchora kwanza barabara zitakazojengwa, kisha, nafasi ikibaki, mito iliyopo.

Mimi nilikuwa Afisa Itifaki wa Mkoa. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kila mtu amekaa kwenye kiti kinachomstahili, amepigiwa makofi yanayomstahili, na hakuna aliyeingia mlangoni mbele ya mkubwa wake. Watu waliniita Bwana Itifaki, na nadhani hata mama yangu alishasahau jina langu jingine. Kwa hiyo haya nitakayoyasimulia niliyaona nikiwa nimesimama nyuma kidogo ya Mheshimiwa, upande wake wa kushoto, mahali panapofaa sana kuonea mambo.

Mheshimiwa ninayemsema ni Balozi Mstaafu Daktari Anakleti Lwambuka, Mkuu wa Mkoa wetu. Alikuwa mtu mwema. Nalisema hili mapema kwa kuwa watu wakishasikia habari za Kitopeni hupenda kufikiri vingine.

Mwanzo wa mambo ni kwamba Serikali ilikihitaji kilima cha Mabwe ili ijenge Uwanja wa Mashujaa Watakaokuja. Mashujaa wenyewe walikuwa hawajapatikana, lakini uwanja ulikuwa umeshapata mkandarasi. Watu waliokuwa wakiishi kilimani wakahamishiwa bondeni, kwenye kinamasi kilichoitwa Kitopeni, mahali ambapo hata ng'ombe aliingia kwa kushauriana na mwenzake. Mheshimiwa alikwenda mwenyewe kuwakabidhi. Alisimama juu ya meza, kwa sababu chini hapakusimamika.

"Wananchi wenzangu," alisema, "kuna mikoa inalia ukame. Ninyi nimewapa maji. Maji mbele, maji nyuma, maji chini ya miguu. Nani amewahi kuwapenda kiasi hiki?"

Sisi maofisa tukapiga makofi. Wao walikuwa wameshika vitanda na kuku, mikono haikuwa na nafasi. Tukaondoka, na Mheshimiwa akawasahau kabisa. Na kusema kweli wangebaki wamesahauliwa, na hakuna ambaye angeumia, kama gari la Waziri lisingekwama.

* * *

Waziri wa Vijiji, Ustawi na Mambo Mengineyo alikuwa anakuja mkoani kwa ziara ya kikazi, maana yake kula chakula cha mchana nyumbani kwa Mkuu wa Mkoa. Tulikuwa tumejiandaa. Mezani palikuwa na mbuzi mzima wa kuoka, nyanya mdomoni, amewekwa akielekea kiti cha mgeni rasmi kama mwongozo unavyotaka. Tulisubiri mpaka mbuzi akapoa, akapashwa, akapoa tena. Waziri alipofika viatu vyake vilikuwa na tope na uso wake ulikuwa unang'aa kama wa mtu aliyetoka harusini.

"Lwambuka!" alisema kabla hata hajakaa. "Mbona ulinificha? Gari lilizama kwenye lile bonde lako. Wakatoka watu, wakalivuta huku wanaimba, wakanikaribisha. Bwana wee, nimekula perege! Wana jiko moja la kijiji kizima, moto unatoka kwenye samadi ya ng'ombe. Taa zinawaka kwa samadi! Na kila mtu ana zamu yake, hakuna anayemfokea mwenzake."

"Karibu mbuzi, Mheshimiwa Waziri," alisema Mheshimiwa.

"Nimeshiba mpaka hapa." Akagusa koo.

Alikaa nasi mchana kutwa na hakuzungumza kitu kingine. Kila Mheshimiwa alipoanza habari za ukarabati wa ofisi yake, Waziri aliuliza kama kuna mtu anajua wale watu huwa wanaweka nini kwenye mchuzi. Mbuzi aliendelea kututazama. Wakati wa kuagana Waziri alimshika Mheshimiwa bega, akasema, "Hongera zao sana."

Gari lilipotokomea Mheshimiwa alinigeukia. Chini ya jicho lake la kulia palikuwa panacheza.

"Umesikia alivyosema? Zao."

* * *

Kesho yake tulikwenda Kitopeni bila kutoa taarifa. Mheshimiwa alitaka kuwafumania.

"Kuwafumania wakifanya nini, Mheshimiwa?" niliuliza, ili nijue nivae viatu gani.

"Wakiwa na shida."

Hatukubahatika. Kinamasi kilikuwa kimechimbwa mitaro, na maji yale tuliyowapa yalikuwa yamekusanywa kwenye mabwawa ya samaki, kutoka mabwawani yakiteremkia kwenye mpunga. Nyumba zilikuwa za matofali ya udongo uleule, zimeezekwa kwa mafunjo, zimepangwa kuzunguka banda moja refu. Chini ya banda watu walikuwa wanamenya viazi, wanaume kwa wanawake, na walikuwa wanacheka. Sikuona mgeni rasmi yeyote waliyekuwa wanamchekea.

Mwanamke mnene, mikono imejaa unga, alikuja mbio kutupokea. "Karibuni sana. Naitwa Mwantumu. Msimu huu mimi ndiye wa kupokea wageni."

Mheshimiwa alimpa mkono. "Niitie mwenyekiti wako."

"Hatuna, Mheshimiwa. Tuna zamu. Kila tukishavuna tunabadilishana kazi. Msimu uliopita mimi nilikuwa mavini."

"Ulikuwa wapi?"

"Mavini. Pale kwenye shimo la gesi. Msimu ujao nitakuwa kwa samaki, Mungu akipenda."

Mheshimiwa aliutazama mkono wake kwa muda, kisha akaurudisha mfukoni. "Sasa mimi nikitaka kumkaripia mtu hapa, namkaripia nani?"

Mwantumu alilifikiria swali kwa moyo safi. "Kwa sasa nikaripie mimi tu. Ila tukishavuna itabidi uanze upya na mwingine."

"Na wale wanacheka nini?"

"Kwa kweli hata sijui. Walianza asubuhi, na aliyewaanzishia ameshakwenda shamba."

"Mna kibali?"

Hapa nieleze kidogo. Sheria ndogo ya Mkoa wetu ilikuwa inasema kwamba kicheko cha kaya zaidi ya moja mahali pamoja ni mkusanyiko, na mkusanyiko una utaratibu wake. Mwantumu alifuta mikono kwenye kanga, akainamisha kichwa.

"Tusamehe, hatukujua kwamba kinaombewa. Kinaombewa kabla au baada?"

Mheshimiwa alikuwa anakagua kuta za banda. "Picha yangu iko wapi? Kila kijiji kilipewa."

"Ipo! Njoo uione, tunaitunza."

Alituongoza mpaka katikati ya mpunga. Picha ya Mheshimiwa, ile ya suti nyeusi, ilikuwa imefungwa vizuri juu ya mti, imekingwa mvua kwa kijipaa cha mafunjo.

"Kwelea wakiiona tu wanageuza," alisema Mwantumu. "Kabla ya hapo walikuwa wanatumalizia mpunga wote. Tunakushukuru mno, Mheshimiwa."

Mimi niliona ni heshima kubwa. Nimetembelea ofisi zote za Mkoa, na sikuona hata moja ambako picha ile ilikuwa inafanya kazi. Lakini Mheshimiwa alirudi garini bila kuaga. Tulikwenda mwendo mrefu, kisha akasema kama anayeongea na kioo cha dirisha:

"Nina nyumba kubwa. Nina walinzi. Nina jenereta."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Mbona hakuna anayecheka kwangu?"

"Kuna mwongozo, Mheshimiwa," nilisema. Niliuandika mimi mwenyewe, na ulikuwa umesifiwa hadi wizarani.

* * *

Haukupita muda, Mheshimiwa akajenga kijiji chake. Kilijengwa kando ya barabara kuu ili mtu yeyote anayekwenda Kitopeni akutane nacho kwanza, na kiliitwa Kijiji Endelevu cha Kielelezo cha Lwambuka. Kilikuwa kizuri sana. Paneli za sola zilielekezwa barabarani ili wapita njia wazione. Jua lilikuwa upande wa pili, lakini jua halina macho. Kila kiongozi alipanda mti na kuwekewa kibao cha marumaru chenye jina lake, na vibao vilishika vizuri.

Wakazi walikuwa watumishi wa umma waliohamishiwa pale kwa barua, pamoja na posho ya kuishi kijamaa. Kazi ziligawanywa kwa haki. Palikuwa na Mkurugenzi wa Jiko la Pamoja, Naibu Mkurugenzi, na Kaimu Naibu wa kukaa kama Naibu amesafiri. Mpishi hakuwapo, kwa kuwa nafasi ya mpishi haikuwa na hadhi ya kumfanya mtu aiombe. Jembe la ushirika liliwekwa kwenye kabati la vioo. Ng'ombe wa ushirika aliundiwa kamati, na kamati ilikuwa haiwezi kuruhusu akamuliwe mpaka akidi itimie. Akidi ilikuwa haitimii. Ng'ombe alilia mpaka mhasibu mmoja, mtu wa roho nyepesi, akamkamua kwa kificho nyuma ya zizi, akafikishwa mbele ya kamati ya nidhamu. Siku hiyo akidi ilitimia.

Nafasi ya Mlezi wa Kijiji Mheshimiwa alimpa mkewe, Bi. Eufrasia. Alikuwa mama mpole, mwenye kusikiliza zaidi kuliko kusema, ambaye kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kukata utepe na kupokea maua. Alikuwa na tatizo moja tu: alipopewa jambo alidhani ni la kweli.

"Mheshimiwa," alisema asubuhi moja, maana mwongozo ulitaka hata yeye amwite mumewe hivyo palipo na mtu wa tatu, nami nilikuwapo. "Nimekaa kwenye lile jiko juma zima. Halijapikwa hata uji. Niruhusu niende Kitopeni nikaone wenzetu wanafanyaje."

Mheshimiwa alifurahi. "Nenda. Uwadadisi. Lazima wana siri, na wewe hawatakushuku."

Akaenda. Kisha akaenda tena. Baadaye akawa anakwenda bila kuaga, anarudi jioni ana tope kwenye kucha, ananukia moshi, halafu anakula kama mtu aliyefanya kazi na kulala kama mtu aliyekula. Siku moja tulimsikia anacheka peke yake bafuni. Mheshimiwa aliacha kusaini barua aliyokuwa anaisaini, akasikiliza mpaka kicheko kilipokwisha.

"Mfuate," aliniambia.

* * *

Nilimfuata. Nilimkuta ndani ya shimo la udongo na wanawake wengine, kitenge chake cha Siku ya Taifa amekikunja mpaka magotini, anakanyaga tope la matofali huku ameshikana mikono na Mwantumu wasianguke. Walikuwa wanaimba wimbo usio na jina la kiongozi hata mmoja ndani yake. Aliponiona hakushtuka. Aliniuliza kama nami nimepata zamu.

Nilirudi kutoa taarifa. Mheshimiwa alikuwa amefunga mlango na kuteremsha mapazia.

"Ni mwanamume?" aliniuliza. Usoni mwake niliona kitu kinachofanana na matumaini.

"Hapana, Mheshimiwa."

"Usinifiche. Kama ni mwanamume nitamhamishia mkoa mwingine, yataisha."

"Ni tope, Mheshimiwa. Alikuwa anakanyaga udongo. Alikuwa zamu."

Alikaa chini taratibu. Nimemwona Mheshimiwa akipokea habari za mafuriko, migomo, hata mabadiliko ya baraza la mawaziri, lakini sikuwahi kumwona akikaa namna ile.

Bi. Eufrasia aliporudi alimkuta sebuleni. Nilitaka kutoka, lakini hakuna aliyeniamuru kutoka, na itifaki hairuhusu mtu kuondoka kwa mawazo yake.

"Wanakupa nini kule?" Mheshimiwa aliuliza. "Niambie ni nini, nikuletee hapa. Nitaleta kwa lori."

"Wananipa zamu, Baba Leonsi."

"Zamu! Mimi nimekupa wapishi, wafuaji, dereva. Hukunyanyua hata kijiko."

"Ndiyo. Sikunyanyua." Alikaa mkabala naye, akafungua viatu vyake vyenye tope. "Jana nilitoa mkate kwenye tanuri, na mkate ule ukaliwa. Mtu akaniuliza, mama, kesho upo? Nikasema nipo. Hapa, nisipokuwapo, wewe unajuaje?"

Mheshimiwa alifungua mdomo. Nadhani alitaka kusema kwamba mimi humjulisha, na ni kweli, ilikuwa mojawapo ya majukumu yangu. Lakini aliishia kuangalia vile viatu kama anayeangalia magari ya mtu mwingine.

* * *

Agizo lilitoka baada ya siku chache. Lilisomwa Kitopeni penyewe, na redio ya taifa ikalirusha moja kwa moja.

"Neema hii," Mheshimiwa alisema kwenye kipaza sauti, "haiwezi kuachwa ikae mahali pamoja kama mali ya watu wachache. Huo ni ubinafsi! Kwa hiyo, kwa kuwapenda wananchi wa mkoa mzima, naagiza: kila mwenye zamu Kitopeni, pamoja na kaya yake, atahamishiwa kijiji tofauti. Wasikae wawili mahali pamoja. Na hili litatekelezwa bila ubaguzi wala upendeleo."

Tukapiga makofi. Mwantumu alipita katikati ya watu mpaka mbele. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Mheshimiwa, tumekukosea nini?"

Mheshimiwa aliziba kipaza sauti kwa kiganja, akainama. Mimi niliyekuwa karibu ndiye niliyesikia. "Hamjanikosea kitu," alisema. "Mngenikosea ningewasamehe."

Malori yalikuja saa ileile. Nimeona watu wakihamishwa mara nyingi, ni sehemu ya maendeleo, lakini wengine huhama wakigombana na hiyo hupunguza uzito. Hawa walikuwa wanasaidiana kupakia. Baba mzima alibeba godoro la jirani yake mpaka kwenye lori la jirani, akaliweka vizuri, halafu akakaa juu yake akalia, wakawa hawawezi kumteremsha. Tatizo jingine lilikuwa sufuria. Ilikuwa sufuria kubwa ya jiko la kijiji, yenye kuingia mtu mzima.

"Hii ni ya nani?" aliuliza askari.

"Yetu," walijibu.

"Yetu haina lori. Kila lori ni la kaya moja. Semeni ya nani."

Hakuna aliyeweza kusema. Sufuria ikachukuliwa, ikawekwa Kijiji cha Kielelezo kwenye kabati la vioo, karibu na jembe. Vifaranga wa samaki hawakuulizwa ni wa nani, kwa hiyo kila kaya ilijichotea ndoo. Mwantumu alijifunga mbegu za mpunga kiunoni.

Hapo ndipo tulipomwona Bi. Eufrasia. Alikuwa anashuka njiani kwa miguu, amevaa buti za mpira, kibunda begani.

"Bwana Itifaki," aliniuliza, "lori langu ni lipi?"

Mheshimiwa alimjia kwa haraka ambayo si ya cheo chake. "Eufrasia, agizo hili halikuhusu."

"Linasema kila mwenye zamu. Mimi nina zamu ya tanuri."

"Nitakutoa kwenye agizo."

"Umesema bila upendeleo." Alisema kwa upole, bila kupandisha sauti, lakini mtu wa redio alikuwa hajazima chombo chake, na mkoa mzima ukasikia.

Wote wakanitazama mimi. Nilipitia mwongozo kichwani. Palikuwa na kifungu cha mke wa Mkuu wa Mkoa akisafiri kwa ndege, kwa gari, hata kwa treni. Cha lori hakikuwapo. Nikafanya nilichoweza, nikaamua akae mbele, karibu na dereva, na abiria wengine wasitangulie kushuka kabla yake. Alinishukuru. Akambusu Mwantumu, ambaye lori lake lilikuwa linakwenda kaskazini, kisha akapanda lake, linalokwenda mwisho wa mkoa, mahali panapoitwa Kabwelele.

Mheshimiwa alisimama mpaka vumbi likatua kwenye suti yake. Nilimpangusa mabega. Sikujua la kufanya jingine.

* * *

Kinamasi kilirudia hali yake ndani ya mvua moja. Kijiji cha Kielelezo nacho hakikudumu. Posho zilipochelewa wakazi wake waliandamana, wakarudi mjini, na ng'ombe akabaki na kamati.

Habari za wale waliotawanywa zilianza kutufikia kidogo kidogo. Si zote zilikuwa nzuri. Kijiji kimoja kiliwafukuza wageni wake kwa madai kwamba anayetaka kupika na jirani lazima ana nia ya kumroga. Kaya nyingine ilichoka kushawishi watu, ikanunua kufuli kama majirani zake. Lakini kwingine mtu alichimba bwawa, jirani akaja kuuliza, wakachimba la pili pamoja. Kwingine mtu alikusanya samadi ya njia nzima, watu wakamcheka mpaka alipowasha taa. Mwantumu, nasikia, alifika kijijini kwake akaanza kwa kupokea wageni, ilhali mgeni alikuwa yeye. Baada ya mavuno kadhaa ilikuwa vigumu kupita mkoani bila kukaribishwa perege.

Waziri alirudi. Safari hii hakukwama, ila alisimama mara nyingi kwa hiari, na alipofika kwetu hakuweza hata kunywa maji. "Lwambuka," alisema huku anahema, "wewe ni mtu wa ajabu. Ulikitoa kijiji kimoja ukakipanda mkoa mzima!" Akaagiza apewe Nishani ya Msambazaji Mkuu wa Neema, daraja la kwanza.

Kwa mara ya kwanza tangu siku ya mbuzi nilimwona Mheshimiwa amelala vizuri. Alituma gari Kabwelele kumleta Bi. Eufrasia akae kando yake kwenye sherehe. Gari lilirudi tupu. Dereva alitoa salamu: Bi. Eufrasia anampongeza sana, lakini hawezi kuja, msimu huu anagawa chakula na hakuna wa kumshikia.

Sherehe ilifanyika. Nilijaza kile kiti kwa kumkalisha Naibu Mkurugenzi wa zamani wa Jiko la Pamoja. Siku iliyofuata Mheshimiwa alivaa nishani juu ya koti la safari, akasema twende Kabwelele.

Tulifika wakati wa chakula cha mchana. Palikuwa na banda refu, na watu walikuwa wamejipanga. Bwana mmoja mwenye aproni alitusabahi akatuonyesha kwa kidole: "Karibuni wageni. Foleni inaanzia kule mwisho."

Niliingiwa na hofu ya kikazi. Nilitafuta mahali pa mbele panapomfaa Mheshimiwa, lakini mbele palikuwa pamejaa watu wenye njaa. Tukaenda mwisho. Mheshimiwa alisimama nyuma ya fundi baiskeli mwenye mikono ya grisi, nami nikasimama nyuma ya Mheshimiwa, upande wa kushoto.

"Mgeni, wewe una zamu gani?" aliuliza fundi, kwa kutaka maongezi tu.

"Mimi ni Mkuu wa Mkoa."

"Aa." Fundi alimtazama kwa huruma. "Msimu wote?"

Mheshimiwa alikuwa ameshamwona mkewe. Bi. Eufrasia alikuwa amesimama nyuma ya masufuria, amekonda kidogo, amefunga kitambaa kichwani, anamwambia kila mtu neno, na kila mtu anaondoka anatabasamu. Mheshimiwa aliwafuata kwa macho, mmoja baada ya mwingine, kama askari anayehesabu waliotoroka.

Fundi alipewa ugali na perege, akasogea. Ikafika zamu ya Mheshimiwa.

"Karibu, Baba Leonsi," alisema Bi. Eufrasia mbele ya watu wote. "Habari za nyumbani?"

"Jenereta limeharibika."

"Pole." Aliiona nishani. "Inakupendeza." Kisha akachukua sahani, akaweka ugali, akaweka perege, akampa kwa mikono miwili kama alivyowapa wengine.

Mheshimiwa aliitazama sahani. Kisha akaitazama ya fundi, aliyekuwa hajafika mbali.

"Samaki wa yule ni mkubwa," alisema kwa sauti ya chini.

"Ni sawasawa."

"Nimeona kwa macho yangu, Eufrasia."

Fundi alisikia, akarudi, akacheka. "Kumbe ni hilo tu? Tubadilishane, mzee." Akachukua sahani ya Mheshimiwa, akamwachia yake, akaenda kukaa. Mheshimiwa aliishika ile mpya, akaigeuza upande huu na upande huu. Halafu akatazama kule ilikokwenda ya kwanza, na nikaona panaanza kucheza chini ya jicho.

"Baba Leonsi," alisema Bi. Eufrasia taratibu, "nenda ukale, kinapoa. Wenzako wanasubiri." Akanyanyua uso. "Anayefuata."

Anayefuata nilikuwa mimi. Alinipa sahani yangu, akaniuliza kama afya ya mama yangu ni nzuri, jambo ambalo katika miaka yote ya utumishi wangu hakuna mtu aliyeniuliza. Nilitaka kumjibu vizuri, lakini nilipogeuka nikamkuta Mheshimiwa hajakaa bado. Alikuwa amesimama palepale na sahani yake mkononi, amenyoosha shingo, anamwangalia samaki wangu.